Chumvi ya Paka

Mwanangu Kibwana,

Watu wenye adabu huanza barua kwa salamu ndefu, wakaulizia afya ya mtu, na watu wake, na mbuzi wake. Wewe umelala chumba cha pili nami nakusikia unavyokoroma, basi afya yako naijua. Nimeshika kalamu kwa sababu mimi na wewe hatuwezi kuzungumza tusigombane, na tukigombana majirani huacha vyungu motoni waje kusikiliza. Barua hii nitaitia mfukoni mwa kanzu yako. Isome mkipumzika njiani, kabla hamjafika kwa wakwe zako. Ukiisoma baada ya kufika haitakuwa na kazi.

Sitakuandikia habari za kujifunika baridi ya mlimani, wala namna ya kukaa na mke, wala sala. Hayo umeambiwa na kila mwenye mdomo hapa Mwembesongo, na nusu yao hawajui kukaa na mke wala hawasali. Mimi nataka kukuandikia habari ya kapu.

Ndani ya kapu mna paka watatu: yule wa kijivu, yule wa mabaka, na yule jike mweusi mwenye kucha. Mama mkwe wako ndiye aliyewaomba, kwa kuwa panya wamemmalizia mahindi darini. Mkifika, kabla kapu halijafunguliwa, atakuja mbele ya watu na kiganja cha chumvi. Ndiyo desturi yao kule: paka haingii nyumbani bila mwenye nyumba kutoa kitu, hata kidogo, na aliyembeba paka akakipokea kwa mkono wake. Juzi nilipokueleza hivyo ulinijibu, "Mama, mimi siuzi paka. Dini imekataza. Chumvi ya ushirikina siipokei." Ukanikazia macho kama kadhi. Nilinyamaza, ukadhani umenishinda. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale ni yangu. Niliyasema mimi kabla hujaota meno, na mtu mwingine ndiye aliyeadhibiwa nayo.

Hujapata kuniuliza nilivyoanza mambo ya paka. Ulizaliwa ukawakuta, ukadhani kila nyumba paka hulala hadi ndani ya ungo. Babu yako alikuwa mwalimu wa chuo, alikuja na msafara kutoka Bagamoyo akakaa hapa kufundisha watoto Kurani. Siku hizo misafara ilikuwa ikipiga kambi karibu na mto, na ikiondoka huacha takataka zake: majivu, punda mgonjwa, mtu mgonjwa, na paka. Wapagazi waliwafuga kambini kwa ajili ya panya, lakini safari ikianza hakuna anayebeba paka kichwani. Baba alikuwa akisema kwamba mwenye kumdhulumu paka ataulizwa siku ya kiyama. Mimi nilikuwa mtoto mwoga, nikaanza kuwaokota.

Uoga ulikwisha, sifa zikabaki. "Binti mwalimu ana moyo," watu walisema, nami nikisikia hivyo naongeza mwendo. Wale wasiofumbua macho niliwanywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Wengi walikufa, nikawazika kabla hujaamka. Paka akizaa wengi na maziwa ni ya wachache, lazima awepo wa kuchagua, na mchaguzi wa nyumba hii nilikuwa mimi. Niliwainua mmoja mmoja kwa shingo nikasikiliza. Aliyepiga kelele nilimrudisha kwa mama yake. Aliyenyamaza nilimtia kwenye ndoo ya maji nikaweka kifuniko. Siku moja uliniona, ukalia mchana kutwa ukiniita muuaji. Jioni ukala ugali wa muuaji, ukaomba uongezewe mchuzi.

Halafu Boma likatoa amri mpya. Paka na mbwa wasio na wenyewe wauawe, wanaleta maradhi. Askari wakawa wanapita asubuhi na gunia na rungu. Mimi nilitangulia mbele yao na nyuzi. Nikimkuta paka jalalani namfunga uzi shingoni, basi amepata mwenyewe.

"Huyu naye wako, mama?" aliniuliza askari mmoja.

"Wangu."

"Na yule?"

"Wangu."

"Basi mji mzima wako?"

"Paka tu, bwana. Watu ni wenu."

Alicheka mpaka akainama. Kisha akampiga rungu yule ambaye sikuwahi kumfikia na uzi, pale pale miguuni pangu, nisije nikadhani tumekuwa marafiki.

Kuwaokota ni rahisi; kazi ni kuwapatia kwao. Paka humbebi wazi mikononi, atashika njia kwa macho na kesho umemkuta mlangoni. Unamtia kwenye kapu la kifuniko, na akifika kwa wenyeji unampaka mafuta nyayoni. Akishughulika kujiramba, nyumba inamwingia. Nimewapeleka kwenye maduka ya Wahindi, kwa wakulima wa Bigwa, kwa mafundi wa stesheni. Mwenye duka mmoja alimfunga paka kamba ghalani akamnyima chakula ili awe mkali kwa panya. Nilimkuta amebaki ngozi, na panya wanapita mbele yake kama wageni waalikwa. Nikamtukana yule bwana mbele ya wateja wake, nikamchukua paka wangu, na watu barabarani wakanipisha. Nilijiona mkubwa siku ile.

Sasa nije kwa shangazi yako Mwajabu. Unajua kwamba alifukuzwa kwao mlimani kwa ajili ya paka; mji mzima unajua. Mnachosimulia ni kwamba watu wa mlimani ni wajinga. Mimi ndiye niliyewasimulia hivyo.

Nilipoolewa na baba yako alinipandisha kwao kusalimia. Nilikwenda na leso mpya na mafuta ya nywele, nikishika pua kila nikipita penye moshi. Dada yake Mwajabu alinipokea kwa mikono miwili. Kule, kama unavyojua, ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamke ndiye hukaa. Mwanamume huja na shoka lake kulima kwa mkewe, kama unavyokwenda wewe. Shamba la Mwajabu lilikuwa bondeni kando ya kijito, maji hayakauki hata kiangazi. Wenzake wakivuna mara moja, yeye anavuna mara mbili. Mavuno yakivutia watu huvutia na panya, basi safari ya pili nikampelekea paka.

Mwajabu alikuja na chumvi ameifungia kwenye jani la mgomba.

"Chukua, wifi."

"Sichukui."

"Chukua, ndiyo kwetu."

"Kwenu. Kwetu paka hauzwi."

"Wala si kuuza. Ni kumfunga tu akae. Asipotolewa kitu watu watasema bado ni wako, na usiku unamtuma kuroga."

"Nimtume wapi? Nilale mie na paka alale."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisimama na lile jani mkononi kama mtu aliyeleta posa ikakataliwa, kisha akairudisha chumvi chunguni. Nikateremka mlima nimejaa uchaji Mungu mpaka masikioni.

Mwaka ule mvua za baridi zilikaa sana. Mwajabu alikuwa na mtoto wa kiume, mkubwa kwako kidogo, na kifua kikamshika akafa. Asubuhi walimkuta paka amelala kichwani pake, mahali penye joto. Kabla ya matanga kwisha maneno yalikuwa yamezunguka kilima kizima: paka ni wa nani, na alitolewa nini?

Zamani wangemnywesha mtu mwavi, ile sumu ya kiapo, akitapika amepona, asipotapika anazikwa. Boma lilikuwa limeshakataza mwavi, likanyonga mtu kwa ajili hiyo, kwa hiyo wazee walibakiwa na kuuliza na kufukuza. Mzee Dimoso, mkubwa wa ukoo, akamwita Mwajabu akamuuliza. Mwanamke aliyetoka kumzika mwanawe akajibu, "Wifi yangu alimleta, nami nikampa chumvi." Wakasema vema, tumwite wifi yako athibitishe.

Nilikwenda. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, na mimi nimevaa leso yangu.

"Mke wa Mloka," Mzee Dimoso aliniambia, "wifi yako anasema alikupa chumvi. Alikupa?"

Mwajabu aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo sana, kama kusema ndiyo. Nilimwona. Nilielewa alichotaka, tena nilielewa vizuri. Usije ukanitetea kwamba nilikuwa mgeni sijui mambo. Lakini nyuma ya watu walisimama vijana wawili wa huku mjini, nikawaza wakirudi watasema binti mwalimu anauza paka kwa chumvi ya wapagani. Nikasema, "Hakunipa. Mimi siuzi paka. Dini imekataza." Nikasema kwa sauti, ili wa nyuma nao wasikie.

Wakasema Mwajabu ameingiza uchawi kwenye ardhi ya ukoo, aondoke, na yule paka wakamwua pale pale kwa mpini wa jembe. Nyumba wakaiezua, watoto wakisaidia kwa furaha kama siku ya ngoma. Mume wa Mwajabu alichukua shoka lake akarudi kwa mama yake kabla jua halijazama, hakuaga. Baba yako aliwaomba wazee, akapiga magoti. Walimwambia shahidi ni mkeo, kamwombe yeye. Tukashuka mlima mimi na baba yako mbele, na dada yake nyuma amebeba chungu kimoja.

Baba yako hakunipiga. Toka siku ile hakula chakula cha mkono wangu, alikula cha dada yake tu, mpaka alipokufa kwenye kazi ya reli. Mimi nilipika na nikala peke yangu, na mabaki nikawapa paka.

Mwajabu hakunilaumu hata siku moja. Alikubeba mgongoni, akakutafunia chakula ulipougua, akawa anaosha vibakuli vya paka uani huku mimi nasifiwa mlangoni. Ila kila mwaka mvua za kupandia zikikaribia alikuwa ananifuata jikoni. "Wifi, panda ukawaambie ulisahau. Waambie nilikupa." Nami kila mwaka nilimjibu, "Siwezi kusema uongo." Alinifuata hivyo mpaka mwaka ulioingia jando, kisha akaacha. Nilifurahi alipoacha. Nilidhani amezoea.

Mwaka jana, ulipomtaka Zaina, nilipanda tena na mshenga. Kule si ajabu mtu kuoa upande wa ukoo wa baba yake, wanapenda hivyo, kwa hiyo sikushangaa kuambiwa bibi harusi ni wa ukoo ule ule. Tulipofika kwa mama yake, Tausi, nilisikia maji kabla sijayaona. Tulikaa kando ya kijito kile kile cha Mwajabu. Tausi alitukaribisha kwa ndizi za shamba lile, macho makavu, akaniuliza, "Mwajabu hajambo?" Nikasema hajambo. Nilikula zile ndizi, Kibwana. Zilikuwa tamu.

Posa ilipokwisha nilikwenda kwa Mzee Dimoso. Amezeeka, meno hana, anaota moto mchana. Nikapiga magoti nikamwambia, "Mzee, siku ile nilisema uongo. Chumvi nilipokea."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikia kata ya maji anywe.

"Mwanamke," alisema, "tulijua hukupokea. Tena tulijua mtoto alikufa kwa kifua. Mwaka ule walikufa kila nyumba. Shamba lile lina maji, na Tausi alikuwa na mabinti wengi na ndugu wenye maneno. Tulikuwa tunatafuta pa kushika. Wifi yako alitunyima. Wewe ndiye uliyetupa."

"Na sasa je?"

"Sasa je nini? Tausi ameshapanda migomba."

Nikateremka na habari njema kwamba posa yako imekubaliwa. Ulinikumbatia.

Basi shamba utakalolima ni hilo. Shangazi yako anajua, nilimwambia mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Upande wa kijito kuna magugu ya ndago mengi, mwambie aanzie huko," akaendelea kuchambua. Utaniuliza kwa nini sikuvunja ndoa. Zaina hakumnyang'anya mtu kitu, alikuwa hajazaliwa. Na mimi nilitaka, nakwambia kweli, mtoto wa Mloka arudi kwenye yale maji, hata kama ni kwa mlango wa uani. Nimekutumia, kama ninavyomtuma paka penye panya. Ukitaka kunichukia kwa hilo, chukia. Njia ni ndefu, utapata nafasi.

Hata jana barua hii ingekuwa fupi. Ningekuandikia upokee chumvi, ufunge mdomo, uache dini yangu ya kujionyesha ife na mimi. Lakini leo baada ya alasiri Mwajabu alikuja na kapu, ameshalifunga kifuniko kwa kamba mpya.

"Paka nitawapeleka mimi," alisema.

"Wewe na magoti yako?"

"Magoti yangu yalinishusha, yatanipandisha."

"Wakikuona kule..."

"Wanione."

Na desturi ni kwamba aliyembeba paka ndiye apokeaye. Tausi atatoka mbele ya ukoo mzima na chumvi kiganjani, na atakayemkuta amesimama na kapu ni Mwajabu. Hawezi kurudi ndani, watu watamcheka, na wewe mkwe umeshafika. Mwajabu akifungua mkono, mambo yamekwisha, paka wataingia na utalala na mkeo kwa amani. Lakini anaweza kukata kamba, akawaachia paka wakimbilie darini, kisha akafumba mkono. Akifanya hivyo, kila atakayekohoa katika nyumba ile ameletewa maradhi na paka wasiolipiwa. Tausi ana ndugu, na ndugu wana mabinti, na shamba lile bado lina maji. Watakuwa wamepata pa kushika. Zaina atachukua mimba leo au mwakani, sijui mimi, lakini unajua watoto wachanga wanavyokohoa kule.

Nilimuuliza, "Wifi, utaipokea?"

Alinitazama usoni. Tumekaa nyumba moja maisha yako yote, na sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo tangu ile siku ya uwanjani.

"Dini inasemaje, wifi?" akaniuliza.

Akachukua kapu lake akaenda uani.

Ndiyo maana nakuandikia. Utakuwa umesimama ubavuni mwake. Wewe ni mkwe, ukinyoosha mkono ukaipokea chumvi kabla yake, hakuna atakayekuzuia, na nyumba yako itapona. Nilitaka kukuambia ufanye hivyo. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Shangazi yako aliulizwa swali mara moja katika maisha yake, na mimi nikamjibia. Usimjibie tena. Ukae na mikono yako ndani ya kanzu, umwache, hata kama utaona uso wa mkeo unabadilika.

Akifungua mkono, msalimie mama mkwe wako kwa heshima na uanzie kwenye ndago. Akifumba, usimgombeze njiani. Mchukue Zaina mrudi wote siku ile ile, nitawapa chumba changu. Mimi nitahamia uani kwa wifi yangu, akikubali kulala na mimi.

Mimi mama yako,
Mwanakheri binti Mwalimu